Fimbo ya Gari la Kumi na Saba

Mpaka Novemba iliyopita, ukifika Isiolo mjini ukamuulizia Gathogo, watu wangekutazama tu. Ilibidi uulize Mzee Kumi na Moja. Hapo ungeshikwa mkono na kuletwa hadi kwenye kibanda cha baba yangu cha kutengeneza saa, na njiani ungesimuliwa habari zake zote, zikiwa zimetiwa chumvi hata kiu ikakushika.

Mimi nitazisema bila chumvi, kwa sababu zimenikera tangu nikiwa darasa la pili.

Zamani kulikuwa na Rali ya Nyika. Ilianza mwaka wa 1962, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa sikukuu yetu ya barabara. Magari sitini hivi yalitoka Nairobi, yakapanda kupitia hapa kwenda Marsabit na Moyale, kisha yakageuza. Siku nne, usiku na mchana. Dereva mmoja alilala kwenye kiti cha kando huku mwenzake anarusha gari juu ya mawe. Nusu ya magari hayakumaliza. Baba anasema ilifika mahali watu walianza kuhesabu miaka kwa rali: huyu alizaliwa mwaka wa matope, yule alioa mwaka ambao gari la kwanza lilifika Isiolo bila mlango.

Kila baada ya kilomita mia kulikuwa na kituo cha saa: meza, mwavuli, saa mbili na mhuri. Gari likifika, mtunza saa anaandika dakika ya kufika kwenye kadi ya dereva, anapiga mhuri, gari linaondoka. Bila mhuri wa kituo hukupita kituo, hata kama mji mzima ulikuona ukipita.

Mtunza saa wa Isiolo alikuwa baba. Waandalizi walipozunguka mjini wakiuliza ni saa ngapi, watu saba waliwapa majibu saba, lakini saa zote kumi na nne zilizoning'inia kibandani kwa baba zilisema kitu kimoja. Akapewa kazi. Aliifanya miaka sita bila doa.

Mwaka wa saba, 1979, gari moja lilizama kwenye laga. Laga ni mto wa mchanga mtupu, unaupita kwa miguu ukila njugu, mpaka siku mvua inaponyesha mbali huko milimani na maji yanakuja yote kwa mkupuo. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Baba aliacha meza akashuka kuvuta. Akavuta na wenzake kwa kamba na mikono, na waliokuwa ndani wakatoka salama. Aliporudi, magari kumi na moja yalikuwa yamefika, yamekuta kiti kitupu, yamepiga honi na kwenda zao.

Basi ikawa kesi kubwa. Matokeo ya sehemu ile yote yalifutwa, walioongoza wakalia machozi ya kweli, na mwaka uliofuata rali ikapitishwa njia nyingine. Haikurudi Isiolo tena, na baadaye ikafa kabisa. Baba akabaki na jina. Hakuna aliyemwita kwa ubaya, nakubali. Hata shehe na padri walimwita hivyo. Lakini utani wa miaka arobaini na sita si utani tena, ni mzigo, na mimi nilimwona baba akiubeba.

Mtu mmoja tu mjini hakumwita jina hilo hata siku moja: Mzee Huqa, rafiki yake. Nilidhani ni adabu.

Sasa, mwaka jana rali ilifufuliwa. Magari ni yale yale ya zamani, yamepakwa rangi upya, na madereva wengi wana mvi. Bwana Wambugu, msimamizi kutoka Nairobi, alikuja na kofia mpya kutafuta watu wa kituo cha Ngaremara, pale pale cha zamani, kando ya laga na visima, ambapo barabara ya vumbi kutoka Leparua inakutana na lami. Alileta saa za kompyuta zinazozungumza na setilaiti. Lakini waandalizi walitaka pia kadi na mihuri kama enzi zile, kwa ajili ya ladha, na kadi ndiyo ingehesabiwa. Baba alivaa koti, akaenda kumwona.

"Mimi nilikuwa mtunza saa hapa," alimwambia.

"Najua," Wambugu alisema. "Nimesimuliwa mara nne tangu jana."

Sijui walizungumza nini zaidi. Baba alirudi dukani kwangu, mimi nauza vipuri vya magari hapo karibu na stendi, akakaa juu ya katoni ya vichujio vya mafuta. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Maitu," aliniambia. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Wamenipa. Magari ishirini na nane. Nataka kupiga mihuri yote ishirini na nane. Isibaki hata moja. Baada ya hapo Mungu akinichukua, nitaenda nikipiga mluzi."

"Kufa hakumo kwenye ratiba, Baba."

"Na kuinuka hakumo. Nikishaketi, siinuki. Hata duka lako likiwaka moto."

"Asante sana."

"Nisamehe. Lakini siinuki."

Hakujiamini hata hivyo, kwa sababu anajijua. Baba ni mtu wa kukimbilia kila kilio. Kwa hiyo alimwomba Mzee Huqa aketi kando yake siku hiyo akiwa na kazi moja tu: akimwona anainuka, amsukume chini.

Huqa alikubali, na kwa kazi ya namna hiyo hutampata wa kumzidi. Yeye ni aba herega wa visima vya Ngaremara, yaani mshika zamu. Mifugo ikija kunywa, yeye ndiye anayesema nani leo, nani kesho, nani baada ya mbuzi wa fulani. Hapokei kitu, hapendelei ndugu, na akishasema amesema. Nimewahi kuona wanaume wenye bunduki wakisubiri kama watoto wa shule kwa sababu Huqa ameinua kidole. Kisimani kuna desturi moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotuponza na ndiyo iliyotuokoa. Mtu akiwa kwenye zamu kisha mnyama wake akaanguka njiani, anarudi kumnyanyua, na nafasi yake inawekewa fimbo. Fimbo ikishasimikwa, hakuna wa kuipita. Wote watangoja. Si Mborana, si Mturkana, si Msomali, hakuna anayeipita.

Siku ya rali tulifika Ngaremara alfajiri. Baba alivaa suti ya arusi yake, ambayo sasa ilikuwa inatosha watu wawili. Alikuwa na kitabu cha kanuni cha 1979 ndani ya mfuko wa plastiki, na mhuri aliousugua kwa mswaki. Mimi nilikuwa karani wake. Kaltuma, ambaye huuza chai na maziwa ya ngamia hapo barabarani, alikuwa amehamisha biashara yake yote pamoja na mbuzi wake thelathini ili asikose kitu. Watu walijaa pande zote mbili za lami.

"Salaam aleikum," Huqa alisema, akaketi na kuegemeza fimbo yake mezani.

"Aleikum salaam. Unakumbuka kazi yako?"

"Ukiinuka, nakuangusha."

"Nikikutukana?"

"Nakuangusha mara mbili."

Saa nne kamili gari la kwanza lilitokea, Datsun jekundu lenye vumbi hadi kwenye kope za dereva. Baba alitazama saa, akaandika, akapiga mhuri. Pa! Nilisikia watu wakishusha pumzi. Baada ya dakika tatu la pili. Pa! Wazee waliokumbuka rali ya zamani walianza kubishana kuhusu injini, vijana walipiga picha, mbuzi wa Kaltuma wakala ratiba ya Bwana Wambugu. Mpaka gari la kumi na sita mambo yalikwenda shwari, na baba alikuwa amerudi kuwa na miaka thelathini. Nilimtazama nikajisikia furaha.

Gari la kumi na saba halikufika.

Tuliliona. Lilikuwa Peugeot la bluu, na dereva wake, Kate, mama wa makamo kutoka Nanyuki, alikuwa amemkwepa punda mmoja aliyesimama kwenye kivuko cha mawe cha laga. Akajaribu kupita chini kidogo. Mita mia nne hivi kutoka mezani tuliona lile gari likiingia mchangani, likanguruma, likainamisha pua, likatulia. Kate na msomaji ramani wake, binti mmoja wa Kinna anayeitwa Ikra, walishuka wakaanza kuchimba kwa mikono.

"Lori la kuvuta liko wapi?" niliuliza.

"Nyuma ya gari la mwisho," Wambugu alisema. "Bado kama saa moja. Watangoja tu, hakuna shida."

Hapo simu ya Huqa ikalia. Alisikiliza, akasema maneno mawili ya Kiborana, akaizima. Uso wake ulibadilika.

"Ni mtoto wa ndugu yangu, ako Leparua," alisema. "Maji imetoka. Imempita sasa hivi. Saa moja haifiki, iko hapa."

Nilijua baba angefanya nini kabla hajafanya. Miguu ilijikusanya chini ya kiti. Mikono ilishika ukingo wa meza. Gari la kumi na nane lilikuwa linatifua vumbi upande wa pili wa laga, likija kwenye kivuko cha mawe, na nyuma yake mengine kumi. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Kumi na moja. Nilitaka kulia kwa hasira. Mungu hana utani wa namna hii, nilijiambia, huyu lazima ni mtu mwingine.

Baba akainuka. Aliinuka kweli, nusu ya kimo, na Huqa akamshika bega akamketisha kwa kishindo mpaka kiti kikalia.

"Huqa, niachie! Watu wako pale!"

"Nimeona."

"Maji yanakuja!"

"Nimesikia mimi kabla yako. Kaa. Hii mara naenda mimi."

Baba alimtazama. Walitazamana kwa namna ambayo sikuielewa, wazee wawili, mmoja ameketi na mmoja amesimama. Halafu Huqa alichukua fimbo yake, akatoka hadi ukingoni mwa lami, mbele kidogo ya meza, akaichomeka kwenye udongo na kuigongea kwa jiwe.

"Hii ni ya hiyo gari ya bluu," aliwaambia watu. Hakupaza sauti. "Imeanguka njiani. Zamu yake iko hapa."

Kisha akanigeukia. "Njambi, kamba ya duka yako iko?"

Nilikuwa na mikanda miwili ya kuvutia magari kwenye pikapu. Nikampa.

"Na kazi yangu ni yako sasa. Akiinuka, angusha."

Akaenda kisimani akikimbia, mtu wa miaka sabini na moja. Yattani, kijana mwenye ngamia wengi, alikuwa ndiyo kwanza anawanywesha wake baada ya kungoja siku mbili. Tulimwona Huqa akimwonyesha laga kwa mkono. Yattani alishika kichwa. Kuwatoa ngamia majini katikati ya kunywa ni jambo ambalo Huqa mwenyewe alikuwa amelikataza maisha yake yote, na sasa alikuwa anawashika wanne kwa kamba zao na kuwaburuta, nao wakilalamika kwa sauti ya kutisha.

Gari la kumi na nane likafika. Baba alitazama saa. Saa nne na dakika hamsini na moja. Pa! Dereva akatia gia.

Hakwenda popote. Kaltuma alikuwa amesimama katikati ya barabara na sufuria ya chai mkononi, na nyuma yake watu kama arobaini.

"Mama, toka," dereva alisema.

"Nitatoka. Baada ya huyo," Kaltuma alisema, akaielekeza sufuria kwenye fimbo.

"Baada ya nani?"

"Huyo. Amekutangulia. Si unaona fimbo?"

La kumi na tisa likafika. Pa! Likasimama. La ishirini. Pa! Likasimama. Bwana Wambugu alitoka mbio chini ya mwavuli, akauliza nani ameweka mti barabarani, akaushika ili aung'oe. Watu wote walisema "Wee!" kwa pamoja, wazee, kina mama, vijana wa bodaboda, hata askari aliyeletwa kutusimamia. Wambugu aliachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Mzee, hii si kisima!" alimjia baba. "Hii ni rali! Mashindano! Kila mtu anaenda na dakika yake!"

"Gari la ishirini na moja," baba alisema. Pa! "Saa tano kamili. Karibu Isiolo."

Honi zilianza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, mikono yangu mabegani mwake kama nilivyoagizwa. Macho yake yalikuwa kwenye kadi, lakini masikio yalikuwa kule laga. Kule, ngamia wa kwanza alikuwa amefungwa mkanda kifuani, na badala ya kuvuta alikuwa ameketi. Ngamia hajafunzwa kuvuta magari. Huqa alimwinamia akawa anazungumza naye sikioni, na mpaka leo amekataa kutuambia alimwambia nini.

"Mzee Gathogo, nisikilize," Wambugu alisema. Sasa alikuwa amepunguza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi wananiona mgeni. Wewe wanakusikia. Sema neno moja, watatoka. Usiposema, nafunga kituo, na kwenye ripoti nitaandika Isiolo imeharibu tena. Tena, Mzee. Unaelewa watasemaje?"

Baba alielewa kuliko mtu yeyote aliyezaliwa. Nilimwona akitazama fimbo, akatazama watu. Ingetosha kusema "wapisheni." Angepata mihuri yake, na magari yangekwenda, na kule mchangani wangejua kwamba zamu yao imeliwa.

"Maitu," aliniambia. "Fungua kitabu. Kanuni ya thelathini na moja."

Nilikitoa kwenye plastiki. Nilisoma kwa sauti ili honi zisinizidi: "Njia ikizibwa kituoni na mifugo, mafuriko au msafara wa arusi, mtunza saa, akiwa kwenye kiti chake, ataandika kwa kila gari dakika zilizokufa, na dakika hizo hazitahesabiwa dhidi ya dereva yeyote."

"Hicho ni kitabu cha zamani!" Wambugu alisema.

"Tazama chako," baba alisema.

Wambugu alitoa simu, akatafuta kwa kidole. Waandalizi wa siku hizi walikuwa wamenakili kitabu cha zamani chote, pamoja na sehemu inayoagiza matokeo yatumwe kwa telegramu. Kanuni ya thelathini na moja ilikuwepo, na msafara wa arusi pia.

"Sawa," alisema polepole. "Lakini inasema mifugo. Wamezibwa na watu. Mifugo iko wapi?"

Kaltuma alipiga mluzi. Mbuzi thelathini walitoka chini ya meza, chini ya magari na ndani ya pikapu yangu, wakaenda kujilaza kwenye lami yenye joto mbele ya gari la kumi na nane. Mmoja alikuwa bado anatafuna ratiba.

Wambugu aliwatazama mmoja mmoja. Halafu alivua ile kofia mpya, akajipangusa jasho, na nilimwona kicheko kikimshinda nguvu mdomoni.

"Andika dakika zako, Mzee," alisema.

Basi hapo mambo yakageuka sherehe. Madereva waliposikia kwamba dakika zimekufa, walizima injini wakashuka kunyoosha migongo. Kaltuma alimimina chai mpaka sufuria ikakauka. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyeupe alikwenda kuitazama fimbo, akaelezewa maana yake na watu sita kwa lugha tano, akarudi akasimamisha gari lake vizuri zaidi kwenye foleni. Na magari yaliendelea kuja. La ishirini na tano. La ishirini na sita. Kila mhuri ulipogonga, watu walianza kuhesabu, si kwa namba ya gari bali kwa namba nyingine. "Nane!" walipiga kelele. "Tisa!" Nilipoelewa wanahesabu nini, nilishindwa kuandika.

Saa tano na dakika ishirini na moja, gari la ishirini na nane. Pa!

"Kumi na moja!" watu walipiga kelele, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu namba hiyo haikuniuma.

Baba hakucheka. "Bado moja," alisema, akiwa ameukazia macho mchanga.

Huko chini ngamia watatu walikuwa wamekubali kuvuta, wa nne alikuwa amekataa katakata na kuanza kula kijiti. Watu walikuwa wamejaa nyuma ya Peugeot, mabega kwenye bati. Tulisikia Huqa akiita, na wote wakaitika, na lile gari likatoka kwa mara moja, likapanda ukingo likimwaga mchanga kila tundu. Saa tano na dakika ishirini na tisa lilisimama mbele ya meza, Kate amejaa mchanga mpaka kwenye meno, Ikra akiwa ameshikilia kadi juu ya kichwa isichafuke.

Baba alitazama saa, akaandika, akapiga mhuri wake wa ishirini na nane.

"Umechelewa dakika arobaini na moja," alimwambia Kate.

"Mzee, si dakika zimekufa?"

"Zimekufa za waliosimama hapa. Wewe hukusimama hapa, ulisimama mchangani. Saa ni saa."

Kate alicheka mpaka akajishikilia mlangoni. Kuchelewa kulikubaliwa hadi dakika sitini, kwa hiyo alikuwa bado yumo mashindanoni, na alilijua hilo. Huqa alikuja akihema, akang'oa fimbo yake. Kaltuma aliwaondoa mbuzi. Gari la kumi na saba likatoka la kwanza, la kumi na nane likafuata, na wote wakaondoka kwa mpangilio wao wakipiga honi za kuaga. Lori la kuvuta nalo likavuka mawe na kutupita, limechelewa kwa kila kitu. Kabla halijapotea machoni, tulisikia mngurumo. Maji yalipita kwenye laga, mekundu, yakiviringisha magogo, pale pale Kate alipokuwa akichimba.

Nadhani kila mtu alikuwa anapima kichwani mwake zilikuwa zimebaki dakika ngapi.

Huqa alibaki amesimama mbele ya meza. Kanzu ilikuwa imechanika begani.

"Watu wa Isiolo," alisema, "hii jina ya Kumi na Moja, mnampa mtu si yake."

"Huqa, wacha," baba alisema.

"Siwachi. Ile mwaka, huyu alikuja kisimani mbio. Akaniomba ngamia. Ngamia ilikuwa mingi, mingi kuliko leo. Mimi nilikuwa kijana, nimepewa fimbo ile mwezi. Nikamwambia zamu ni zamu, ngoja hii foleni iishe. Akaniangalia tu, akarudi kuvuta na mkono yake. Kama ningempa ngamia, angekaa kwa kiti. Hiyo kumi na moja ni yangu. Amenibebea miaka arobaini na sita, na jina yangu hajataja hata kwa bibi yake."

Nilimgeukia baba. Alikuwa anafunga kidau cha wino kwa uangalifu ambao kidau hakikuuhitaji.

"Baba, ulijua?"

"Nilikuwepo," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Yeye alikuwa analinda zamu yake. Mimi ndiye niliyeacha yangu." Alikaza kifuniko cha kidau. "Na kanuni ya thelathini na moja niliisoma jioni ile ile, mambo yakiwa yameharibika. Inasema mtunza saa akiwa kwenye kiti chake. Kanuni ilikuwepo, Huqa. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda."

"Leo ameenda," Huqa alisema.

"Leo ameenda."

Nililia, sitaficha. Kaltuma naye alilia, lakini yeye hulia hata kwenye mikutano ya uchaguzi. Wambugu aliandika ripoti yake akiwa amewapa mgongo, na baadaye niliisoma: magari ishirini na nane, mihuri ishirini na nane, kituo kilisimama dakika thelathini na nane kwa sababu ya mbuzi. Mwaka huu rali itapita hapa tena.

Baba alifungua upya kile kidau.

"Lete mkono," alimwambia Huqa.

Huqa alinyoosha kiganja. Baba alitazama saa, akauweka mhuri katikati ya kile kiganja kigumu, akabonyeza taratibu, kisha akaandika kando yake kwa kalamu: saa sita kasoro dakika tano.

"Umechelewa miaka arobaini na sita," alisema. "Lakini umefika."

Ndipo alipoinuka kitini. Mimi na Huqa tulimshika kila mmoja upande wake.

Wino ule haukumaliza siku, mtu akitawadha mara tano kwa siku hakuna mhuri unaodumu. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafungua duka nikamwona Huqa amesimama kibandani kwa baba, kiganja wazi. "Imetoka," alisema, na baba akampigia mwingine. Sasa wanafanya hivyo kila Ijumaa. Na ukifika Isiolo leo ukamuulizia Mzee Kumi na Moja, utapelekwa Ngaremara, visimani, kwa Mborana mmoja mrefu anayeitika jina hilo kabla hujalimaliza. Ukimtaka baba yangu, uliza tu Gathogo.